Chai Si Tabibu wa Mwanamke

Kitu kinachopendwa na watu wote hakikosi wa kukisifu, na sifa isiyo na kiasi haikawii kugeuka uongo. Hayo ndiyo yaliyoipata chai. Mmea huu ulipandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya huko Limuru mwaka 1903. Leo, kutoka Kitale mpaka Bungoma, ukipita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, ni nadra kukuta nyumba ambayo mgeni huingia akatoka bila ya kukaribishwa chai. Chai hufungua kinywa asubuhi, hupumzisha mafundi saa nne, huwapokea watoto saa kumi, huongoza mazungumzo ya mahari, na hukesha pamoja na wafiwa matangani. Huko Trans Nzoia, kiwanda cha chai cha Kapsara hupokea majani ya wakulima wadogo, na fedha ya majani hayo hulipa karo za watoto wengi. Mimi sina ugomvi na heshima hiyo. Ugomvi wangu ni juu ya cheo kipya ambacho chai imevishwa siku hizi, cheo cha utabibu, na hasa utabibu wa wanawake.

Wenye kuivisha cheo hicho husema hivi. Mwili wa binadamu hutumia oksijeni kuchoma chakula ili upate nguvu, na katika kuchoma huko huzaliwa chembe kali zinazodhuru kila zinachogusa. Chembe hizo zikizidi uwezo wa mwili wa kuzizuia, hali hiyo huitwa mkazo wa oksidisheni, nasi twaweza kuifananisha na kutu ilavyo jembe. Kutu hiyo ya mwili imehusishwa na maradhi ya moyo, kisukari, saratani, na hata kifafa cha mimba kinachowatisha akina mama wajawazito. Jani la chai, wasema, lina vitu viitwavyo polifenoli, ambavyo vikitiwa katika chupa ya maabara huzizima chembe kali hizo. Tena mwaka 2011 watafiti wa Kenya walitoa chai ya zambarau, aina ya TRFK 306, yenye rangi zilizo na sifa hiyo hiyo, na mawakili wa chai wakaongeza hoja. Basi, wakamaliza, mwanamke na anywe chai kwa wingi. Chai ni kinga yake.

Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Uongo mtupu hufukuzwa mlangoni, lakini nusu ya ukweli hukaribishwa ndani ikapewa kiti. Mimi nasema kwamba chai si tabibu wa mwanamke. Nasema zaidi ya hayo, kwamba kwa namna inywewavyo katika nyumba nyingi za Kitale na Bungoma, yaani pamoja na chakula, ikiwa ya moto mno, na baada ya kupikwa katika moshi, chai yaweza kumwondolea mwanamke mengi kuliko yale impayo. Nitaeleza sababu zangu moja baada ya moja, na msomaji atakuwa hakimu.

Sababu ya kwanza ni kwamba chupa ya maabara si mwili wa mtu. Kitu kinachozima chembe kali ndani ya chupa hakina ahadi ya kuzizima ndani ya mwili, maana kwanza lazima kipite tumboni, kisha matumboni, kisha katika ini, na kila mahali hupunguzwa na kubadilishwa. Kwa miaka kadhaa Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa orodha ya vyakula na uwezo wake wa kuzuia kutu kama ulivyopimwa katika chupa. Wauzaji wakaishika orodha hiyo kama msahafu. Mwaka 2012 wizara yenyewe iliifuta, ikasema kwamba hesabu za chupani hazionyeshi faida katika mwili wa binadamu, na kwamba zilikuwa zikitumiwa vibaya katika matangazo.

Kuna funzo jingine lililo kali kuliko hilo. Huko Ufini wanaume wavutao sigara wapatao 29,000 walijaribiwa, baadhi yao wakipewa vidonge vya beta-karotini, rangi ya manjano iliyomo katika karoti, nayo ilisifiwa sana kuwa kizuizi cha kutu. Ilitumainiwa kwamba vidonge vingepunguza saratani ya mapafu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1994, ilionekana kwamba waliopewa beta-karotini walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Nasema hivi si kwa kusudi la kuwatisha walaji wa karoti, bali kuonyesha kwamba hoja ya "huzuia kutu, basi huponya" imekwisha kupimwa kwa watu hai na ikaanguka. Hoja iliyoanguka Ufini haiwezi kusimama Kanduyi kwa sababu tu imevaa vazi la chai.

Sababu ya pili ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni damu. Ili damu ibebe hewa, mwili wahitaji madini ya chuma. Mwanamke huyahitaji kuliko mwanamume, kwa kuwa hupoteza damu kila mwezi, na akishika mimba hutoa chuma kwa mtoto aliye tumboni. Wataalamu wa Marekani hukadiria kwamba mwanamume ahitaji miligramu 8 za chuma kwa siku katika chakula chake, mwanamke wa umri wa kuzaa miligramu 18, na mjamzito miligramu 27. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 wanawake karibu 30 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 ulimwenguni walikuwa na upungufu wa damu. Wao ni zaidi ya nusu ya bilioni moja. Mwanamke mwenye upungufu huo huchoka kabla ya jua kupanda, moyo humwenda mbio akipanda kilima na mtungi, na siku ya kujifungua damu kidogo imtokayo yaweza kuwa nyingi kwake. Msichana wa shule mwenye upungufu huo huonekana mvivu darasani, na pengine huadhibiwa kwa uvivu, ilhali hana uvivu bali hana damu.

Sasa na tuitazame chai. Zile polifenoli zinazosifiwa hushikamana na chuma kilichomo katika mboga, nafaka na maharagwe, zikakifunga kisiweze kuingia mwilini. Mwaka 1975 watafiti wa Afrika Kusini walikwisha kuonyesha kwamba chai hupunguza sana chuma kinachofyonzwa kutoka katika chakula. Mwaka 1999 watafiti wengine walipima jambo hilo tena, wakakuta kwamba kikombe cha chai nyeusi kikinywewa pamoja na mkate hupunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 79 hadi 94. Tena wakajaribu kutia maziwa katika chai, wakaona kwamba maziwa hayakubadili jambo kwa kiasi cha kutajwa. Asiseme mtu, basi, kwamba chai yetu ni salama kwa kuwa tunaipika kwa maziwa. Kile kile kinachosifiwa kuwa mlinzi wa mwanamke ndicho kinachomzuilia chuma chake. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Hasara hii haiwi sawa kwa watu wote. Mtu aliye na akiba tele ya chuma na alaye nyama kila siku haoni dhara kubwa, kwa kuwa chuma cha nyama hakifungwi na chai kwa urahisi kama chuma cha mimea. Lakini chakula cha nyumba nyingi za Bungoma na Trans Nzoia ni ugali wa mahindi, mboga na maharagwe, na chuma chake ni cha mimea. Mahindi yenyewe yana kitu kingine kiitwacho fiteti ambacho hukizuia chuma. Sheria ya Kenya tangu mwaka 2012 hudai unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti uongezwe madini, lakini unga wa mahindi ya shambani usagwao katika kinu cha kijijini hauongezwi kitu. Ukishakuwa na chakula cha namna hiyo, ukakiteremsha kwa chai, umetia maji katika debe linalovuja ukalitoboa tundu la pili.

Mawakili wa chai wana shahidi mmoja hodari, nami sitamficha. Mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi wa watu wapatao 500,000 wa Uingereza, wenye umri wa miaka 40 hadi 69. Walionywa vikombe viwili vya chai au zaidi kila siku walionekana kufa kwa uchache kidogo kuliko wasiokunywa, kwa kadiri ya asilimia 9 hadi 13. Hiyo ni habari njema kwa watu hao. Lakini uchunguzi huo ulitazama tu, haukujaribu. Hauwezi kuthibitisha kwamba chai ndiyo iliyorefusha maisha yao. Tena Mwingereza wa miaka 60 hapotezi damu ya mwezi, hali ugali wa kinu cha kijijini, na unga mweupe wa ngano wa nchi yake huongezwa chuma kwa amri ya sheria. Kuchukua ushahidi wake ukampa mama wa Kimilili mwenye mimba ya nne ni kumkata mtu nguo kwa kipimo cha mwingine.

Kuna jambo ambalo wenye kuogopa kutu ya mwili husahau. Mwili haukuumbwa bila askari. Unavyo vimeng'enya vyake vya kuzizima chembe kali, na kimojawapo huitwa katalesi. Kiini cha kufanya kazi cha katalesi ni chuma. Tazameni basi kinyume kilichopo: twamhimiza mwanamke anywe chai pamoja na chakula ili apate walinzi wa nje, na papo hapo twamzuilia madini ambayo kwayo mwili wake huunda mlinzi wa ndani.

Upotovu huo waonekana wazi zaidi katika habari ya vidonge. Mjamzito aendapo kliniki hupewa vidonge vya chuma na foliki, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku. Serikali hununua vidonge hivyo, muuguzi huvihesabu, mama hutembea mwendo mrefu kuvifuata. Kisha hufika nyumbani akameza kidonge kwa chai, kwa kuwa chai ndiyo iliyopo mezani na hakuna aliyemwambia neno. Juhudi za watu wote hao hupunguzwa na funda moja. Kumpa mwanamke kidonge bila ya kumwambia akimeze kwa maji ni kazi nusu.

Sababu ya tatu ni moto wa kikombe. Katika nchi yetu chai isiyochoma ulimi huhesabiwa kuwa dharau kwa mgeni. Mwaka 2016 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani ilitangaza kwamba vinywaji vya moto wa kuzidi nyuzi 65 yamkini husababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni. Saratani hiyo si ngeni kwa watu wa magharibi ya Kenya. Uchunguzi uliofanywa Eldoret, jirani yetu, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba wanywao vinywaji vikiwa vya moto sana wamo katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huo kuliko wanywao vikiwa vuguvugu. Lawama hapa ni ya moto wenyewe wala si ya jani, na dawa yake haina gharama: ni subira ya dakika chache.

Sababu ya nne ni moshi. Kabla chai haijafika mezani, mtu ameinama juu ya mafiga akipuliza kuni, na mtu huyo aghalabu ni mwanamke au binti. Moshi wa kuni huleta katika mapafu na damu kutu ile ile ambayo chai husemwa kuizuia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020. Mtu anayejali kweli kutu ya mwili wa mwanamke angeanza na jiko. Angejenga jiko lenye bomba la moshi, angepanua dirisha, angekausha kuni kabla ya kuziwasha. Lakini jiko lagharimu fedha na jasho la mwanamume, na sifa za chai hazimgharimu kitu. Ndiyo maana sifa ni nyingi na majiko ni machache.

Najua nitakayoambiwa. Wa kwanza atasema: upungufu wa damu una sababu nyingi, kuna malaria, hasa upande wa Bungoma, kuna safura, kuna uzazi wa karibu karibu. Ni kweli, na sitaki mtu atupe chandarua akadhani ameshinda kwa kuahirisha kikombe. Lakini wingi wa wezi si sababu ya kumwachia mmoja wao mlango wazi. Wa pili atasema: chai ndiyo anasa pekee ya maskini, nawe wataka kumnyang'anya. La, hasha. Sisemi aache. Chai humfanya mtu achemshe maji, na maji yaliyochemshwa yameokoa watoto wengi na kuhara. Wa tatu atasema kwamba nawaharibia soko wakulima wa Kapsara. Mkulima hapungukiwi hata senti moja mnywaji akibadili saa ya kunywa. Asiyeweza kuuza chai ila kwa kuiita dawa ana upungufu katika uuzaji wake, wala si katika chai, chema chajiuza.

Nitakalo ni jambo dogo lenye faida kubwa. Chai na ipewe saa yake, mbali na chakula. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanawake wa Uingereza. Walipokunywa chai pamoja na chakula, ufyonzaji wa chuma ulishuka sana. Walipongoja saa moja baada ya chakula, hasara ilipungua ikawa karibu nusu. Saa moja tu! Desturi yetu ya chai ya saa nne na saa kumi ni njema kuliko chai ya kuteremshia ugali, mradi isifuatane na sahani ya maharagwe. Mezani pa chakula na pawekwe maji, au tunda lenye vitamini C kama pera, chungwa au embe, kwa sababu vitamini hiyo hufanya kinyume cha chai: hukisaidia chuma cha mboga kiingie mwilini. Mapera huoza chini ya miti katika mashamba mengi huku watu wakinunua sukari ya kutia katika chai.

Tena mboga zetu zisidharauliwe. Kunde, mnavu, mchicha, na mgagani ambao Wabukusu huuita chisaka, huuzwa kwa bei nafuu katika soko la Chwele na la Kitale, na wenye kuzikimbia ni wale wanaodhani kwamba ustaarabu ni mkate mweupe na chai. Na hapo pana neno la kuwaambia wanaume. Zamani, katika jamii nyingi za Waluhya, mwanamke alikatazwa kula kuku na mayai. Mwiko huo umelegea, lakini kivuli chake chakaa bado mezani: maini na mapaja huenda kwa baba na mgeni, mchuzi huenda kwa mama. Chuma kilicho chepesi kuingia mwilini kimo katika nyama na dagaa, na anayekihitaji zaidi ndiye hupewa mwisho. Mume amnunuliaye mkewe pakiti ya chai "kwa afya yake" huku akijichagulia maini hajamtendea wema. Amemlipa kwa sarafu bandia.

Enyi wanafunzi, ninyi mnasoma sayansi darasani na kunywa chai bwalini, na aghalabu mambo hayo mawili hayakutani. Yakutanisheni. Mkisikia kwamba kitu fulani huzuia kutu ya mwili, ulizeni: kilipimwa katika chupa au kwa watu? Kwa watu gani, walao nini, wa umri gani? Kinywewe saa ngapi, pamoja na chakula gani? Na ninyi wasichana hasa, msikubali uchovu wa kila siku kuwa tabia yenu. Nendeni mkapimwe damu, kwa kuwa upungufu wake hujulikana kwa tone moja na hutibika. Mkirudi nyumbani likizo, mwambieni mama kwa adabu ameze kidonge chake kwa maji, aiache chai ipoe, na aingoje saa moja ipite baada ya chakula. Kisha mwandalieni kikombe ninyi wenyewe, mmpelekee akiwa ameketi nje penye hewa, mbali na moshi.